Orodha Inayotoka Kwenye Mfumo: Jinsi Taarifa za Mwananchi Zinavyopaswa Kupeanwa kwa Usalama

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, orodha nyingi huanza kusafiri kati ya ofisi na vijiji. Husafiri kutoka mjini Sumbawanga hadi Laela, Mpui na Kaengesa katika uwanda wa juu wa Ufipa, kisha huteremka milima ya Lyambalyamfipa hadi Muze, Mtowisa na Ilemba katika bonde la Ziwa Rukwa. Zipo orodha za wakulima waliosajiliwa kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, za vikundi vilivyoomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, za kaya za walengwa wa TASAF na za wafanyabiashara wanaodaiwa leseni. Zamani ziliandikwa kwa mkono katika daftari la kijiji. Sasa nyingi hutoka kwenye mifumo ya kompyuta, na mara nyingi humfikia mtu wa mwisho kupitia simu ya mkononi.

Orodha inapofika kijijini, swali la kwanza la kila mmoja ni kama jina lake limo. Ni swali la haki, kwa kuwa jina likikosekana mtu anaweza kukosa mbolea au mkopo. Lipo hata hivyo swali la pili ambalo huulizwa mara chache: ni nani mwingine ameiona orodha hiyo, na ameona nini ndani yake? Makala hii inaeleza namna taarifa zinavyotolewa kwenye mifumo ya Serikali, mahali hatari inapoanzia, njia salama za watumishi kupeana taarifa hizo, na haki alizonazo mwananchi ambaye jina lake limo.

Kanzidata na swali linaloulizwa

Taarifa za mfumo hutunzwa katika kanzidata. Kanzidata ni ghala la taarifa ndani ya kompyuta, lililopangwa kwa mistari na safu. Mstari mmoja humhusu mtu mmoja, kaya moja au shamba moja. Kila safu hutunza jambo moja, kama vile jina, namba ya simu, kijiji, au ukubwa wa shamba kwa ekari.

Mfano ulio karibu na wananchi wengi wa Ufipa ni usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mpango huo ulianza msimu wa 2022/2023, baada ya kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Mbeya katika kilele cha Nane Nane, Agosti 8, 2022, na unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Mkulima huandikishwa kupitia ofisi ya kijiji chake, taarifa zake na za shamba lake huingizwa kwenye mfumo, kisha hupokea namba yake ya usajili kwa ujumbe mfupi wa simu. Anapokwenda kununua, wakala huihakiki namba hiyo kwenye mfumo kabla ya kumpa mbolea kwa bei ya ruzuku.

Mtumishi anayetaka kujua jambo hasomi kanzidata nzima. Huiuliza swali. Anaweza kuuliza ni wakulima wangapi wa kijiji fulani wamesajiliwa lakini hawajanunua mbolea, au ni nani kati yao ambao namba zao za simu zina makosa. Mfumo huchuja mistari yote na kurudisha ile inayohusika tu. Jibu linaweza kuwa tarakimu moja au orodha yenye mamia ya majina. Kazi ya swali huishia hapo, lakini safari ya jibu ndiyo kwanza inaanza.

Jibu hubeba ruhusa ya aliyeuliza

Katika mfumo uliopangwa vizuri, watu wawili wanaouliza swali moja hawapati jibu moja. Mtendaji wa kijiji huona mistari ya kijiji chake. Mtendaji wa kata huona vijiji vya kata yake. Afisa wa wilaya anayesimamia huduma hiyo huona wilaya nzima. Wakala wa pembejeo huona kile tu kinachomwezesha kumtambua mteja aliyesimama mbele yake. Mfumo hufanya hivyo kwa sababu kila mmoja ameingia kwa akaunti yake na nywila yake, na akaunti hiyo imepewa ruhusa inayolingana na kazi yake.

Ugumu huanza jibu linapotolewa nje ya mfumo. Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa wa wilaya anauliza orodha ya wakulima ambao taarifa zao zinahitaji kurekebishwa. Kwa kuwa ruhusa yake ni ya wilaya nzima, anapata majina ya vijiji vyote, pamoja na namba za vitambulisho na za simu. Anapakua orodha hiyo kama jedwali na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la watendaji, akiwataka kila mmoja ashughulikie kijiji chake. Nia yake ni njema na kazi ni ya haraka. Hata hivyo mambo matatu yametokea kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza ni kwamba kila mtendaji sasa anaona taarifa za vijiji ambavyo havimhusu. Jibu lilitafutwa kwa ruhusa ya afisa wa wilaya, na ruhusa hiyo imehamia kwa kila aliyepokea faili, ingawa hakuna aliyeamua kuwapa.

Jambo la pili ni kwamba mfumo umepoteza uwezo wa kujua. Ndani ya mfumo, kila anayefungua taarifa huacha alama: akaunti gani imeingia, siku gani, saa ngapi, na imeangalia nini. Faili likishakuwa kwenye simu kumi na tano hakuna kumbukumbu ya namna hiyo. Mmoja akilituma kwa rafiki, au simu yake ikipotea mnadani, hakuna atakayejua taarifa zimetokea wapi.

Jambo la tatu ni kwamba orodha imeanza kuchakaa. Kanzidata hurekebishwa kila siku, lakini nakala iliyotumwa Jumatatu hubaki ya Jumatatu. Mkulima ambaye makosa yake yalisahihishwa Jumatano ataendelea kuonekana mwenye makosa kwa kila anayetumia nakala ile. Katika uwanda wa Ufipa, ambako mvua za kupandia huanza Novemba, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya orodha ya zamani kunaweza kumaanisha kupanda bila mbolea. Usalama wa taarifa na usahihi wa huduma havitengani: kinachomlinda mwananchi dhidi ya macho yasiyohusika ndicho pia kinachomhakikishia kwamba jina lake litasomwa likiwa sahihi.

Mstari mmoja una nini ndani yake

Wapo wanaouliza kuna ubaya gani orodha ikionekana, ilhali kijijini watu wote wanafahamiana. Ni kweli kwamba jina la jirani si siri. Lakini mstari wa kanzidata hubeba mambo ambayo hata jirani hayajui.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Anayeiona namba hiyo ameshajua umri wa mhusika bila kuuliza. Tangu Mei 1, 2019, laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba hiyo hiyo, hivyo ndiyo inayomuunganisha mtu na laini zake, na kupitia laini hizo na fedha zake za simu.

Sasa jina, umri, kijiji, namba ya simu na habari kwamba mtu anasubiri fedha au pembejeo viwekwe kwenye mstari mmoja. Tapeli akiupata mstari huo hana haja ya kubahatisha. Watanzania wengi wameshapokea ujumbe unaosema ile hela itumwe kwenye namba nyingine. Ujumbe wa aina hiyo hutumwa kwa watu wengi bila kujua nani ni nani, na wengi huupuuza. Lakini mzee anayepigiwa simu na mtu anayemtaja kwa majina yake matatu, kijiji chake na ekari zake, kisha akaambiwa atume kiasi kidogo ili namba yake ya mbolea ifunguliwe, ana sababu ya kuamini kwamba anaongea na ofisi. Wanaoumia zaidi ni wale ambao huduma hizi ziliwekwa kwa ajili yao: wazee, wajane, walengwa wa TASAF na wanaosomewa ujumbe na watu wengine.

Zipo pia orodha ambazo hatari yake haihusu fedha. Majina ya wagonjwa wanaotumia dawa za muda mrefu, ya wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, au ya watoto walio katika mazingira magumu yakivuja yanaweza kuharibu maisha ya mtu kijijini mwake. Kwa upande wa Virusi vya UKIMWI, sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti ugonjwa huo inataka taarifa za mhusika zitunzwe kwa siri. Maji yakimwagika hayazoleki. Faragha ya mgonjwa ikishavunjwa, hakuna barua ya ofisi itakayoirudisha.

Kwa nini nakala husambaa

Ni vyema kuelewa kwa nini watumishi hutuma nakala. Wilaya ina vijiji vilivyo mbali. Barabara za kuteremka bondeni huwa ngumu wakati wa masika, na mtandao wa simu hauna nguvu kila mahali. Mtendaji wa kijiji anaweza kukosa kompyuta ofisini, lakini simu anayo. Anapotakiwa kutoa majibu kabla ya jioni, faili lililotumwa kwenye kundi humfikia upesi kuliko barua. Wakati mwingine watumishi hutumia akaunti moja kwa pamoja kwa sababu mmoja wao hajafunguliwa yake, au amesahau nywila na mwenzake akamwazima.

Kwa hiyo kuwakataza watumishi kutuma orodha hakutoshi. Kazi inayofanywa na orodha lazima iendelee. Kinachotakiwa ni njia nyingine ya kuifanya kazi hiyo, na njia hizo zipo.

Njia salama za kupeana majibu

Njia ya kwanza, na iliyo bora, ni kupeana swali badala ya kupeana jibu. Mifumo mingi ya sasa inaruhusu mtumishi kuhifadhi swali alilouliza na kuwaonesha wenzake. Mwenzake anapolifungua, mfumo humuuliza upya kanzidata kwa ruhusa ya huyo aliyefungua. Afisa wa wilaya akilifungua ataona wilaya. Mtendaji wa kijiji akilifungua swali lile lile ataona kijiji chake tu. Hakuna nakala iliyotoka, kila aliyefungua ameacha alama yake, na taarifa anazoziona ni za siku hiyo. Yule afisa wa mfano wetu angetuma kwenye kundi ujumbe mmoja tu: ingieni kwenye mfumo, fungueni orodha ya taarifa zinazohitaji marekebisho.

Lakini njia hii ina sharti moja. Mfumo usimwoneshe aliyefungua jibu lililokwisha kuhifadhiwa na mwenzake mwenye ruhusa kubwa. Baadhi ya mifumo hutunza majibu ili isichelewe kujibu, na hapo ndipo mtu anapoweza kuona asichostahili bila yeye mwenyewe kujua. Wataalamu wa TEHAMA wanaosimamia mfumo wanapaswa kulihakiki jambo hilo kwa kuingia kwa akaunti ya ngazi ya chini na kuangalia kinachoonekana.

Njia ya pili ni mfumo kujibu swali finyu bila kutoa mstari mzima. Kila mwananchi aliyesajili laini ya simu ameiona njia hii ikifanya kazi. Wakala huingiza namba ya NIDA na mteja huweka kidole. Wakala hakabidhiwi kanzidata ya NIDA. Mfumo humjibu kama mtu huyo ndiye mwenye namba hiyo. Serikalini, Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) imejenga mfumo wa GovESB unaowezesha mifumo ya taasisi mbalimbali kuulizana na kujibizana yenyewe, bila mtumishi kubeba nakala kwenye flashi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Njia ya tatu ni kupunguza safu. Inapolazimu orodha kutolewa, itolewe ikiwa na yale tu yanayohitajika kwa kazi hiyo. Mtendaji anayewaita wakulima kuja kurekebisha taarifa anahitaji majina na kitongoji. Hahitaji namba za vitambulisho. Ikiwa majina yanafanana na lazima watu watofautishwe, tarakimu nne za mwisho za namba ya simu zinatosha, nyingine zikafichwa.

Njia ya nne ni kutuma jumla pale ambapo aliyeuliza anahitaji jumla. Taarifa ya robo mwaka kwa Baraza la Madiwani haihitaji majina. Inahitaji idadi ya waliosajiliwa, waliohudumiwa na waliobaki katika kila kata.

Njia ya tano ni ya kutumika pale tu ambapo faili haliwezi kuepukika. Litumwe kwa barua pepe rasmi ya Serikali kwa mtu mmoja anayetajwa kwa jina, likiwa limefungwa kwa nywila. Nywila yenyewe ipelekwe kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kupiga simu, ili anayelipata faili asipate na ufunguo wake. Iandikwe kazi ya faili hilo na siku ya kulifuta, na siku hiyo ikifika lifutwe kweli, pamoja na nakala iliyochapishwa kwa printa.

Juu ya njia zote hizo ipo kanuni isiyo na mbadala: kila mtumishi aingie kwa akaunti yake mwenyewe. Akaunti inayotumiwa na watu wanne haina kumbukumbu yenye maana, kwa sababu jina linaloonekana si la aliyefanya. Mtumishi anayemwazima mwenzake nywila amekubali kuwajibika kwa kila swali mwenzake atakalouliza. Na anapohamishwa kwenda kituo kingine, akaunti yake katika kituo cha zamani ifungwe siku hiyo hiyo.

Kuondoa majina pekee hakutoshi

Wengine hudhani kwamba orodha ikiondolewa majina inakuwa salama. Tukio moja la Marekani lilionesha vinginevyo. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wake zikiwa zimeondolewa majina, lakini zikiwa bado na tarehe za kuzaliwa, jinsia na namba za posta. Mtafiti Latanya Sweeney, wakati huo akiwa mwanafunzi, alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na kumbukumbu hizo. Katika mji ule watu sita tu walizaliwa siku moja na gavana wa jimbo. Watatu kati yao walikuwa wanaume, na ni mmoja tu aliyeishi katika eneo la namba ya posta ya gavana. Kumbukumbu za matibabu ya gavana zikawa zimepatikana.

Kama hilo liliwezekana katika mji mkubwa, ni rahisi zaidi katika kitongoji chenye kaya hamsini. Taarifa ikisema kwamba katika kitongoji fulani yupo mwanamke mmoja wa miaka zaidi ya 70 aliyepokea huduma fulani, kila mkazi wa hapo atajua ni nani. Ndiyo maana jumla ndogo sana hazipaswi kuchapishwa kwa ngazi ya kitongoji. Huunganishwa na kutolewa kwa ngazi ya kijiji au kata, ambako mtu mmoja hawezi kutambulika.

Uwazi wa umma na faragha ya mtu

Lipo suala linalohitaji busara. Wananchi wamezoea, na wana haki, kuona majina yakibandikwa kwenye mbao za matangazo. Kabla ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 27, 2024, orodha za wapiga kura zilibandikwa ili kila mtu ahakiki jina lake na kuweka pingamizi pale palipostahili. Majina ya kaya za walengwa wa TASAF hujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji ili asiingizwe asiyestahili. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa mbele ya mkutano mkuu. Bila uwazi huo, upendeleo ungepata maficho.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inayatambua yote mawili. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, na Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaeleza namna mwananchi anavyoweza kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma.

Haki hizi mbili hazipigani pale kila moja inapowekwa mahali pake. Mkutano wa kijiji unahitaji kujua ni nani amepata na kwa kigezo gani, ili uweze kuhoji. Hauhitaji kujua namba ya kitambulisho cha mtu, tarehe yake ya kuzaliwa au ugonjwa wake. Jina na kijiji kwenye ubao wa matangazo hutimiza uwajibikaji. Namba ya NIDA na ya simu kando ya jina hazimsaidii mwananchi kuhoji chochote, humsaidia tapeli. Kisingizio cha faragha nacho kisitumike kuficha matumizi ya fedha za umma, kwa kuwa bajeti ya zahanati au bei ya mkataba wa kisima si taarifa binafsi ya mtu yeyote.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo ilianzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Inazihusu taasisi za umma na za binafsi, ikiwemo halmashauri, hospitali, shule, vyama vya ushirika na kampuni za mikopo.

Misingi yake inaeleweka kwa lugha ya kawaida. Taarifa zikusanywe kwa njia halali na kwa lengo linalojulikana. Zisitumike kwa lengo jingine. Ziwe zinatosha kwa kazi hiyo bila kuzidi. Ziwe sahihi. Zisitunzwe muda mrefu kuliko inavyohitajika. Zilindwe. Mkulima aliyetoa namba yake ya simu ili apate mbolea hakuitoa ili apigiwe na wauzaji wa bidhaa au na wagombea.

Anayetoa taarifa binafsi za mtu kinyume cha sheria anatenda kosa. Mtu binafsi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20, au kufungwa kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au shirika faini inaweza kufikia shilingi bilioni 5. Nchi jirani ya Kenya, yenye sheria ya aina hiyo tangu mwaka 2019, imeshaonesha kwamba sheria hizi hutekelezwa: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Mwananchi afanye nini

Mwananchi hapaswi kusubiri madhara yatokee ndipo aulize. Yapo mambo anayoweza kuyafanya sasa.

Anapoombwa taarifa zake, aulize ni za kazi gani, nani ataziona na zitatunzwa kwa muda gani. Mtumishi wa umma anapaswa kumjibu kwa heshima, na swali hilo lisichukuliwe kuwa ukaidi.

Anayo haki ya kujua taarifa zake zilizomo kwenye mfumo na kuomba zirekebishwe pale zilipokosewa. Kwa usajili wa wakulima, mahali pa kuanzia ni ofisi ya Mtendaji wa Kijiji. Ahakikishe kwamba taarifa zake zinasomwa kutoka kwenye mfumo wenyewe, siyo kutoka kwenye nakala iliyotumwa zamani kwenye simu.

Akikuta orodha imebandikwa au kutumwa ikiwa na namba za vitambulisho au za simu, asiipige picha na kuisambaza hata kama nia yake ni kulalamika, kwa sababu atakuwa ameongeza nakala nyingine. Amweleze Mtendaji wa Kijiji au wa Kata ili iondolewe. Asiporidhika, afikishe malalamiko kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na anayo pia haki ya kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtumishi, namba ya siri ya fedha za simu. Hakuna huduma ya halmashauri inayohitaji namba hiyo. Anayedai fedha kwa simu ili afungue au aharakishe huduma achukuliwe kuwa tapeli, na ujumbe wake uripotiwe kwa kutumia namba 15040. Kwa kupiga *106# mwananchi anaweza pia kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, ili akikuta asiyoitambua aende kwa mtoa huduma ikafungwe.

Wajumbe wa serikali ya kijiji, viongozi wa vikundi vya mikopo na makatibu wa vyama vya ushirika nao wanahusika, kwa kuwa orodha nyingi huanzia kwao. Daftari la kikundi lenye namba za vitambulisho vya wanachama lifungiwe kabatini. Picha ya ukurasa wa daftari isitumwe kwenye kundi lenye watu wasiohusika.

Mifumo imerahisisha mengi. Mkulima wa Milepa au Kaoze anaweza leo kusajiliwa kijijini kwake na kutambuliwa na wakala mjini Sumbawanga bila kubeba barua ya utambulisho. Urahisi huo unategemea imani: anayetoa jina lake na namba yake anaamini kwamba vitatumika kwa kazi aliyoambiwa. Mtumishi anayemwelekeza mwenzake kwenye mfumo badala ya kumtumia faili anailinda imani hiyo, na pia anamhakikishia mkulima kwamba atakapofika kwa wakala, jina litakalosomwa litakuwa sahihi kwa siku hiyo.